Aliyepimwa Kivuli

Jambo hili lilimpata shemeji yangu Lyuben, mume wa mdogo wangu Zlatina, na sehemu yake kubwa niliiona kwa macho yangu. Wapo wanaosema ulikuwa ugonjwa tu. Sibishani nao. Nimefanya kazi maktaba tangu ujana wangu, nimesoma vitabu vya wanaoamini na vya wasioamini, na sijakutana na ukurasa hata mmoja ulionisaidia. Kwa hiyo nitasimulia nilichokiona, na nisichokijua nitakiacha kilivyo.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Ilikuwa Juni, mavuno ya waridi yamekwisha bondeni kwetu, na Lyuben, ambaye kazi yake ilikuwa kuchemsha maua kiwandani ili kupata mafuta, alikuwa amepewa Jumapili yake ya kwanza ya kupumzika. Ngozi yake bado ilinuka waridi lililochemshwa. Si harufu ya bustani, ni harufu nzito, kama jasho lililotiwa sukari, na sabuni haiiwezi.

Sisi watatu tulikuwa na mazoea yetu. Ile njia ndefu ya mgongo wa milima ya Stara Planina, inayoanzia mlima Kom karibu na mpaka wa Serbia na kwenda juu kwa juu mpaka rasi ya Emine, baharini, watu wenye nguvu na likizo huimaliza kwa mkupuo mmoja. Sisi tuliila vipande vipande. Kipande kimoja siku moja: asubuhi gari linatupandisha, mchana tunatembea, jioni tunashuka nyumbani kula maharage. Tulianza Zlatina akiwa mchumba. Sasa tulikuwa tumefika kama nusu ya njia.

"Kwa mwendo huu bahari tutaifikia tunatambaa," Zlatina alisema tuliposhuka garini.

"Wewe tambaa," Lyuben akamjibu. "Mimi nitakuwa nimekaa ufukweni na shemeji Elka, tunakula samaki, tunakuangalia."

Mgongo ulikuwa mweupe kwa jua. Kule juu hakuna miti, ni majani mafupi na mawe, na nguzo za chuma zilizopakwa rangi ya njano na nyeusi, zimepangwa ili ukiwa kwenye moja uione inayofuata. Zimewekwa kwa ajili ya ukungu na theluji. Kila mtu wa kwetu anafundishwa tangu utotoni: usiiache nguzo kabla hujaiona nyingine. Siku hiyo hatukuzihitaji. Tungeweza kuona mpaka ng'ambo ya mto Danube, alisema Lyuben, kama si wavivu wa macho.

Kabla ya adhuhuri tukafika kwenye tandiko la mlima, pale mgongo unapoinama kati ya vilele viwili, ambapo pepo za kaskazini hupita kuelekea bondeni. Mahali hapo palikuwa na kibanda cha mawe cha kujisitiri, na kibanda hicho hakikudumu. Kikijengwa, baridi ya mwaka mmoja au miwili inakiangusha. Safari hii tulikuta mafundi watatu wanaanza upya. Msingi ulikuwa umekwisha kuchimbwa, mawe ya pembeni yamelazwa, na kwenye jiwe la pembe ya kaskazini damu ilikuwa bado mbichi. Jogoo asiye na kichwa alilala majanini.

Hilo halikutushangaza. Mafundi wa kwetu huchinja jogoo kwenye msingi, hata wanaojenga maghorofa mjini.

"Kazi njema, mafundi," Lyuben akasalimia.

"Ahsante, karibuni," akajibu mkubwa wao, mzee mwembamba aliyevaa fulana ya sufu jua likiwa kali vile. Jina lake Nayden, tulikuja kulijua.

Lyuben alimtazama jogoo, akautazama msingi. "Jogoo mmoja tu, mzee wangu? Kwa upepo wa huku? Ndiyo maana kila mwaka kinawaangukia."

Mafundi wawili wadogo walicheka. Nayden hakucheka. "Ulitaka tuchinje nini?"

"Wazee wetu hawakuhangaika na kuku. Walipima mtu."

Nani kwetu asiyejua habari hiyo. Tuliimbiwa, tukafundishwa shuleni. Zamani daraja au nyumba ikigoma kusimama, fundi alimvizia mpita njia, akakipima kivuli chake kwa uzi, akauzika ule uzi chini ya jiwe la pembe. Jengo lilisimama. Mwenye kivuli hakuzimaliza siku arobaini. Baada ya kufa alibaki pale kuwa talasamu, mlinzi wa kuta, asiyelala wala kuondoka. Bibi yetu alikuwa akituvuta mkono tukipita penye msingi unaochimbwa, akitulazimisha kuzunguka upande wa pili ili vivuli vyetu visiguse. Sisi tulikuwa tukimcheka.

"Lyuben, twende," Zlatina alisema.

"Subiri kidogo, mama." Tayari alikuwa amesimama ukingoni mwa msingi, jua mgongoni, mikono kiunoni, na kivuli chake kifupi cha mchana kimelala juu ya jiwe lile lenye damu. "Nipime mimi, mzee. Sina kazi nacho. Kinanifuata tu kama mama mkwe."

"Salamu zako nitamfikishia mama," nilimwambia.

Nayden aliuweka mwiko chini, taratibu. "Unakitoa mwenyewe?"

"Nakitoa."

"Sema tena, nisije nikawa nimesikia vibaya."

"Nakitoa, mzee, kwa roho safi. Kibanda kisimame, watu wapone."

Mzee aliingiza mkono mfukoni, akatoa uzi wa sufu mwekundu. Hakuutafuta. Ulikuwa tayari umekunjwa, kama mtu aliyekuwa akitembea nao siku nyingi. Alipiga goti, akaunyoosha kutoka visigino vya Lyuben mpaka mwisho wa kivuli cha kichwa, akaukata kwa meno. Akauzungusha kidoleni, akaliinua lile jiwe lenye damu, akauweka kwenye chokaa chini yake, akalilaza tena, akaligonga kwa mpini wa mwiko.

Lyuben alikuwa bado anatabasamu. Mimi niliwatazama wale mafundi wadogo. Walikuwa wamevua kofia.

Tulikula nao mkate na jibini la chumvi, tukaendelea na njia. Lyuben aliimba. Zlatina aliangalia nyuma mara mbili, kisha akaanza kumtania kuhusu viatu vyake, na mimi nikasahau. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hakukuwa na wingu wala ndege mbaya.

Alasiri jua lilipoanza kushuka nyuma yetu, ukungu ulipanda kutoka upande wa kaskazini, ukasimama mbele yetu kama ukuta wa pamba. Watembeao milimani wanajua kinachotokea hapo. Jua likikupiga mgongoni na ukungu uko mbele yako, kivuli chako kinaonekana juu yake, kikubwa kama jitu, kichwa kimezungukwa na duara la upinde wa mvua. Ni jambo la kawaida, halina uchawi. Tulisimama kulitazama, sote watatu bega kwa bega, Lyuben katikati. Nilipunga mkono, jitu langu likapunga. Zlatina akapunga, la kwake likapunga.

Kati ya majitu yale mawili palikuwa na nafasi. Mtu mmoja angetosha.

"Mimi mbona sijioni?" Lyuben aliuliza.

Nilimweleza kwamba ukungu huwa unadanganya, kwamba kila mtu huliona duara la kichwa chake tu. Hilo ni kweli, nimelisoma. Lakini yeye hakuuliza habari za duara.

"Aha," alisema. Akapandisha zipu ya koti lake la mvua la bluu mpaka kidevuni. "Twendeni. Nasikia baridi."

Hakuacha tena kuisikia. Julai bondeni kwetu ni tanuri, mbwa wanalala barabarani chini ya magari, na Lyuben alikaa uani na koti la sufu. Hakuwa na homa. Hakukohoa. Alikula akamaliza sahani, na bado suruali zilimdondoka. Hospitali ya Plovdiv walimpima damu, moyo na mapafu, wakasema hana kitu, apumzike. Padri alikuja akanyunyiza maji. Mama yake, Mama Tonka, alimpikia supu ya kondoo kila siku, akawa anatusema sisi: "Mnamburura milimani kama mbuzi, halafu mnashangaa."

Siku moja nilikwenda kunywa kahawa kwao. Lyuben alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao karibu na ukuta mweupe, juani, amefumba macho. Zlatina alinishika mkono mlangoni.

"Dada," alininong'oneza. "Tazama ukutani."

Nilitazama. Kivuli cha kiti kilikuwa ukutani, kila ubao wake, kila msumari. Mwanga wa jua ulipita katikati ya mbao zile.

Kiti cha ukutani kilikuwa kitupu.

Lyuben alifumbua macho. "Msinong'one, nasikia," alisema. "Nimeshakiona. Mimi ndiye ninayekaa hapa kutwa nzima."

Zlatina alipiga magoti mbele yake. "Nitakwenda kuutoa ule uzi."

"Usiende."

"Nitakwenda."

Lyuben alinigeukia. Alizungumza na mimi, kama vile mimi ningeelewa zaidi, nami sikuelewa. "Shemeji, nikisinzia tu niko kule. Nasimama mlangoni. Kuna upepo. Watu wanapita mbali, vipofu kwa theluji, wanalikosa jengo kwa hatua chache. Nataka kuwaita." Alijigusa koo. "Sauti haijatoka bado."

Siku yake ya arobaini ilikuwa inakaribia. Zlatina alikuwa akiihesabu kimyakimya, nilimwona midomo ikitembea alipokuwa akiosha vyombo. Asubuhi iliyofuata alinigongea dirisha kabla sijavaa. Alikuwa na nyundo na tindo ndani ya mkoba wa kuendea sokoni.

"Twende, dada. Mama Tonka atabaki naye."

Tulipandishwa na gari mpaka pale pa siku ile, tukaishika njia ileile. Anga ilikuwa safi upande wetu. Upande wa kaskazini mawingu yalikuwa yamejipanga, meusi kwa chini, na hakuna aliyetaka kuyataja. Zlatina alitembea mbele bila kugeuka. Alikuwa mtu wa maneno mengi, mdogo wangu. Siku hiyo nilisikia pumzi yake tu na chuma kikigongana mkobani.

Kibanda kilikuwa kimesimama. Kuta nene, paa la bati limefungwa kwa nyaya, mlango umetazama kusini. Nayden alikuwa peke yake, anapaka chokaa ndani. Alipomwona Zlatina hakuuliza kilichomleta.

"Anaendeleaje?" alisema.

"Anakufa."

Mzee alishuka kwenye ngazi, akafuta mikono.

"Ulimuua mume wangu kwa mzaha," Zlatina alimwambia. Hakupaza sauti. "Mtu anatania, wewe unachukua."

"Nilimuuliza, binti yangu. Nilimuuliza mara ya pili."

"Ulijua anatania."

"Nilijua." Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. "Mwanangu Ognyan alikutwa pale, theluji ilipoyeyuka. Pale kwenye jiwe lile jeupe. Alikuwa anakitafuta kibanda, na kibanda kilikuwa kimeshaanguka. Alikuwa na wenzake. Baada yake wakafa wengine. Nimekijenga tena na tena, nimechinja jogoo, nimechinja kondoo. Ule uzi nilikuwa nao mfukoni tangu mazishi. Nilijipima mwenyewe kwanza. Mzee hafai, kivuli chake kimeshalegea, ukuta ukaanguka. Sikuweza kuiba cha mtu. Nilikuwa naukunja na kuukunjua tu. Halafu akaja yeye akasema, chukua."

Sijui ningemhukumu vipi mtu yule. Nimejaribu. Huwa naanza vizuri, halafu nafika kwenye lile jiwe jeupe.

"Nautoa," Zlatina alisema.

"Utoe. Sitakuzuia. Pembe ya kaskazini, jiwe la chini kabisa, linashikika kwa ndani. Ukilitoa, pembe itakuja nalo. Si leo. Wakati wa theluji."

Zlatina alipiga magoti penye pembe ile, akaweka tindo, akapiga. Chokaa kilipasuka kirahisi kuliko nilivyotegemea. Akapiga tena. Ufa ukazunguka jiwe kama mstari wa kalamu. Alikuwa akilia bila sauti, machozi yakidondoka juu ya mkono ulioshika tindo, na hakuacha kupiga.

Jiwe likatikisika.

Hapo nje pakawa giza.

Dhoruba za Julai hazibishi hodi kule juu. Upepo ulikuja kwanza, ukaufunga mlango kwa kishindo. Kisha radi, karibu sana, mpaka ladha ya chuma ikaingia mdomoni. Kisha mvua ya mawe. Ilipiga bati hata hatukusikiana, tukawa tunaonana midomo tu.

Nayden aliusukuma mlango kidogo kuchungulia. Ukungu ulikuwa umefika kizingitini. Nguzo ya karibu kabisa haikuonekana.

Katikati ya kelele zile nilisikia mtu anaita.

Sikuyapata maneno. Niliisikia sauti. Ilitoka nje ya ukuta, upande wa kaskazini, ambako hakuna njia. Zlatina alikuwa ameinua nyundo. Mkono wake ulibaki hewani.

"Umesikia?" nilimwuliza.

Alitega sikio kwenye ukuta.

Mlango ukafunguka, wakaanguka ndani vijana watatu, wanafunzi, wawili wa kiume na msichana mmoja aliyepoteza kiatu. Walikuwa wameloa, midomo ya bluu. Msichana alikuwa na damu kwenye nyusi, mvua ya mawe ilikuwa imempasua. Nayden aliwafunga blanketi lake. Msichana alijikokota mpaka pembeni, akaegemea ukuta, kando ya magoti ya Zlatina, akajikunyata huku meno yakigongana.

"Yule mjomba yuko wapi?" aliuliza.

"Mjomba gani?" nilisema.

"Aliyetuita. Tulikuwa tumeshikilia nguzo, hatuoni nyingine, tukasema hatuondoki. Akaita, acheni chuma, enyi mbuzi, njooni kwangu. Mwenye koti la bluu. Tukaiacha."

Mmoja wa wavulana alimalizia. Alikuwa akitazama sakafu. "Radi ikaipiga nguzo. Tuko hatua kumi tu." Akajinusa mkono wa sweta lake. "Alinivuta hapa. Mbona nanuka maua?"

Nayden alijifanya ishara ya msalaba.

Zlatina alishusha nyundo sakafuni. Aliishusha polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Upepo ukabadilika. Ulikuwa unakuja sasa kutoka kaskazini moja kwa moja, unaipiga ile pembe, na mimi nililiona jiwe likitembea. Ufa ulifunguka ukafumba. Ukafunguka tena, mpana zaidi. Juu yake ukuta ukatoa sauti, sauti ndogo, kama meno yanayosagana. Vumbi la chokaa likamdondokea yule msichana nyweleni.

"Mtoto, toka hapo," Nayden alisema. Lakini msichana alikuwa hajiwezi.

Zlatina aliweka viganja vyote viwili juu ya jiwe. Jiwe alilopanda mlima kulitoa. Akalisukuma lirudi.

Nilikwenda kumsaidia, akatikisa kichwa. Alibaki vile, mikono imenyooka, paji la uso limegusa ukuta, mishipa imemsimama shingoni. Upepo ukasukuma. Yeye akasukuma. Sijui ilikuwa muda gani.

Halafu nikaona mabega yake yakilegea. Hakuondoa mikono, ila hakuwa tena akitumia nguvu. Jiwe lilikuwa limetulia. Upepo ulikuwa uleule.

"Dada," alinong'ona. "Kuna mtu upande wa pili."

"Upande wa pili ni mlima."

"Anasukuma. Anasukuma kwa ndani ya jiwe." Akafumba macho, akauegemeza mdomo kwenye ule ufa, akasema kitu kifupi. Lilikuwa jina. Ufa ulikuwa umefumba, na siku zote nilizopita pale baadaye sijauona tena.

Dhoruba iliondoka kama ilivyokuja. Jua likatoka, mawe ya barafu yakang'aa majanini kama chumvi iliyomwagika. Wanafunzi walikunywa chai ya Nayden, wakamtafuta yule mjomba kuzunguka kibanda, wakaita, wakapiga miluzi. Msichana alivaa viatu vya akiba vya mzee, vikubwa mara mbili. Aliniomba nimpe shukrani zao tukikutana naye. Nikasema nitampa.

Walipoondoka, Nayden aliiokota nyundo, akampa Zlatina bila kumtazama usoni. Zlatina aliipokea. Alisimama nayo, akiitazama ile pembe. Sijui angefanya nini, na sijawahi kumwuliza. Simu yake iliita mkobani. Aliiacha iite. Ikakata, ikaita tena.

Nikaipokea mimi. Alikuwa Mama Tonka.

Tulishuka bondeni saa ya jua kali. Vumbi la barabara lilikuwa la moto hata kwenye nyayo. Kwetu mvua haikuwa imenyesha tangu mavuno. Ukanda mweusi ulikuwa umeshafungwa mlangoni, na jirani mmoja alikuwa anafunika vioo vya kujitazamia, kama tufanyavyo penye msiba.

Mama Tonka alikuwa amekaa kando ya kitanda, mikono mapajani. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa, kwa sababu Lyuben alikuwa hawezi baridi.

"Alikuwa amelala," alituambia. "Tangu mmeondoka amelala kimya. Halafu akakaa, macho yamefunguka, akapiga kelele, sauti kubwa, sijawahi kumsikia hivyo tangu kijana. Anaita watu. Nikamwambia, mwanangu, unamwita nani, hapa niko peke yangu." Akajifuta pua kwa leso. "Baadaye akanyoosha mikono mbele, hivi. Nikadhani anataka nimwinue. Nikamshika, haikuwa hivyo. Alikuwa anasukuma."

Zlatina alisimama mlangoni. Hakuingia.

"Amekufa hivyohivyo, anasukuma," Mama Tonka alisema. "Nimejaribu kumkunja mikono kifuani kama inavyotakiwa. Haikunjiki. Padri atasema nini?"

Kweli, mikono ilikuwa imenyooka kuelekea ukuta wa chumba, viganja wazi. Uso wake ulikuwa mtulivu, sitasema uongo. Nilikwenda kumfunga kidevu kwa kitambaa, maana Mama Tonka alikuwa hana tena nguvu, na ndipo nilipoona mto ulikuwa umeloa.

"Na huyo aliyemwekea barafu ni nani?" Mama Tonka aliuliza. Alikuwa mkali ghafla, kama mtu aliyepata hatimaye kitu cha kulalamikia. "Mtoto wangu anakufa kwa baridi, mtu anamwekea barafu. Mimi sina barafu humu ndani. Ni nani?"

Niliinama kumtazama.

Zilikuwa nyweleni mwake, nyuma ya masikio, kwenye mkunjo wa shingo: punje za mvua ya mawe, nyeupe, kubwa kama mbegu za zeituni. Niliokota moja, nikaifumbata. Nilikaa pale na wafiwa, nikapokea wageni kwa mkono mmoja, nikasikia sala yote ya kwanza. Vidole vilikufa ganzi mpaka kwenye kifundo.

Nilipofungua kiganja, ilikuwa vilevile. Haikuwa imeyeyuka hata kidogo.